Vaisakhi na Jina la Singh



Hapa Voi, mtu mwenye kilemba na ndevu ndefu huitwa Kalasinga. Wazee wa Pwani humwita Singasinga. Ndani ya majina hayo mawili mna neno Singh, yaani simba, na neno hilo ndilo kiini cha Vaisakhi, sikukuu ya Wasikh ya tarehe 13 au 14 Aprili.

Vaisakhi ilikuwa sikukuu ya mavuno kule Punjab. Mwaka 1699 ikapata maana nyingine. Wasikh husimulia kwamba Guru Gobind Singh aliwakusanya waumini mjini Anandpur, akachomoa upanga, akauliza ni nani aliye tayari kutoa kichwa chake. Akajitokeza mmoja, kisha mwingine, hadi wakawa watano. Walikuwa watu wa matabaka mbalimbali, ambao kwa desturi ya wakati ule wasingekula pamoja. Guru aliwanywesha maji ya sukari kutoka bakuli moja la chuma, kisha akawaomba wamnyweshe naye. Siku zile jina la ukoo lilitosha kufichua tabaka la mtu. Aliyekula kiapo akaliweka kando: wanaume wote wakawa Singh, na wanawake Kaur.

Jina hilo lilifika Taita Taveta pamoja na reli. Kuanzia 1896, watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, Waislamu, Wahindu na Wasikh. Takriban 2,500 walikufa. Mmoja alikuwa Ungan Singh, msimamizi wa vibarua, aliyenyakuliwa na simba hemani mwake huko Tsavo mwaka 1898. Simba wa Tsavo wanajulikana dunia nzima. Huyu mwenye jina la simba hatajwi sana, na si haki.

Siku ya Vaisakhi, kitambaa cha mlingoti wa bendera hubadilishwa, maandiko husomwa, kisha watu hula langar. Hicho ni chakula cha bure, kinacholiwa watu wakiwa wamekaa chini kwa safu, waziri kando ya utingo. Tena hakingoji sikukuu. Hupikwa mwaka mzima.

Msafiri anayetoka Voi kwenda Nairobi hupita Makindu, penye hekalu lililojengwa mwaka 1926 na Wasikh waliofanya kazi ya reli. Wengi hulitazama dirishani tu, wakidhani ni la Wahindi peke yao. Sivyo. Mlango uko wazi kwa watu wa dini zote. Vua viatu, funika kichwa, hata kwa kitambaa cha mkononi, nawa mikono. Sigara na pombe haziingii. Kuna chapati, dengu, mboga na chai, nyama hakuna. Pakua utakachomaliza. Hakuna atakayekuuliza jina wala kabila, na anayetaka kusaidia hukaribishwa kuosha vyombo.