Bahari ya Kimbiji na Sheria ya Mataifa

Mvuvi wa Kimbiji atokaye alfajiri na ngalawa yake hutazama upepo na maji, mpaka haoni. Lakini mpaka upo. Maili 12 za bahari tangu pwani ni mali ya dola letu kama ilivyo ardhi. Kutoka hapo hata maili 200, yaani kilometa 370 hivi, samaki ni haki yetu, ijapokuwa meli za mataifa yote zina ruhusa ya kupita. Haki hiyo hatukuipata kwa manowari. Tuliipata kwa mkataba uliotiwa sahihi Jamaica mwaka 1982, nasi tukauthibitisha mwaka 1985.

China nayo iliuthibitisha mkataba huo huo, mwaka 1996. Sasa sikilizeni. Ufilipino, nchi yenye wavuvi wadogo kama wetu, iliishtaki China kwa ajili ya Bahari ya China ya Kusini. Tarehe 12 Julai 2016 wasuluhishi waliamua kwamba dai la China la haki za kale, kupita kipimo cha mkataba, halina msingi wa sheria. Tena kwamba ilikosa kuwazuia Wafilipino kuvua penye mwamba wa Scarborough, walipovua tangu zamani wao na Wachina. China haikuhudhuria barazani, na hukumu ilipotoka ikasema haina nguvu.

Je, China haijali sheria? Jambo si jepesi hivyo. Manowari zake zilipokuja maji ya Somalia Januari 2009 kuwazuia maharamia, zilikuja kwa idhini ya Baraza la Usalama. Na Marekani, iilaumuyo China, yenyewe haijauthibitisha mkataba huu. Wala tusiwacheke wakubwa tu: jirani zetu wa Kenya waliikataa hukumu ya Mahakama ya Hague juu ya mpaka wao wa bahari na Somalia, mwezi Oktoba 2021.

Mtauliza: mkubwa akikataa hukumu, nani atamkamata? Hapana askari wa kazi hiyo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mdogo hupata hasara kwanza, maana mkubwa ana manowari hata bila mkataba.

Mwenye ramani na apime maili 200 kutoka Kimbiji kuelekea mashariki, kisha ahesabu ni ngalawa gani ya kijijini kwake iwezayo kufika huko.