Majeruhi Tunaowajua Kabla Hawajaanguka: Uokoaji wa Ndege Walao Nyama Wilayani Bahi



Mada niliyopewa ni uokoaji na utunzaji wa wanyamapori waliojeruhiwa. Katika wilaya inayopitiwa na barabara kuu ya Dodoma kwenda Manyoni, ningeweza kuanza na bundi anayegongwa na lori usiku. Huyo hatuna ratiba yake. Nataka tuzungumzie majeruhi ambao siku na mahali pao tunapajua mapema, yaani ndege wanaodhurika baada ya dawa ya kwelea kwelea kunyunyiziwa.

Sina ugomvi na mkulima. Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, hivyo kundi la ndege milioni moja humaliza tani 10. Aliyewahi kushinda shambani tangu alfajiri akiamia mpunga hahitaji kuelezwa hesabu hiyo. Dawa inayotumika sana Afrika kwa kazi hii ni fenthioni, na ndege ya kunyunyizia huipitisha jua linapozama, kwelea wakiwa wamejazana kwenye matete na migunga. Tatizo ni kwamba si wote wanaokufa palepale. Wengine huruka na sumu manyoyani, wakaanguka mbali, wakawa wanatapatapa chini. Kwa tai, mwewe, bundi na kongoti, hiyo ni karamu isiyohitaji kuwindwa.

Fenthioni huzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva baada ya msuli kuupokea, kwa hiyo msuli hubaki ukiamrishwa bila kupumzika. Ukimkuta tai wa namna hiyo, utamwona amekaa chini mchana kweupe, mabawa yamelegea, kucha zimejikunja kama ngumi, udenda unamtoka mdomoni na mboni zimesinyaa. Kichwa kinatikisika. Watoto hudhani amelewa. Mwisho hushindwa kupumua.

Tiba ipo, na maofisa mifugo mliomo humu mnaifahamu: ni atropini, ileile tunayomdunga ng'ombe aliyedhurika na dawa ya kuogeshea ya kundi hilohilo la sumu. Kipimo cha ndege ni kazi ya daktari wa mifugo. Ila daktari hufika baada ya saa kadhaa, na saa hizo zipo mikononi mwa mwanakijiji. Avae glovu, au mifuko ya plastiki mikononi, maana sumu hupenya ngozi. Amfunike ndege kichwa kwa kanga ili atulie, akamate miguu kwanza, kwa kuwa kucha ndizo zinazoumiza kuliko mdomo. Amweke kwenye boksi lenye matundu, gizani, mbali na kuku na mbwa. Asimnyweshe maji kwa nguvu: njia ya hewa ya ndege imefunguka nyuma kidogo tu ya ulimi, na maji huingia mapafuni. Maziwa na uji, ambavyo watu hutoa kwa huruma, viachwe kabisa.

Hapa hofu huingia. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kukaa na mnyamapori bila kibali, na wananchi wanalijua hilo kuliko tunavyodhani. Wengi huona heri wapite pembeni. Bundi ana balaa la ziada, maana wapo wanaomhesabu kuwa ni uchuro na hummalizia kwa fimbo. Kwa hiyo mwanakijiji apige simu kwa mtendaji wa kijiji au ofisa wanyamapori mara tu anapomwona ndege, na taarifa iandikwe, ili kumhifadhi kwa muda kusije kugeuka kosa.

Pendekezo langu ni moja. Mpango wa kunyunyizia unapoandaliwa, na uokoaji uwe ndani yake: siku mbili tatu zinazofuata watu wapite eneo hilo, waokote mizoga na kuizika, na ofisa mifugo awe na atropini tayari. Kuokota mizoga kunawasaidia pia watu, kwa sababu wapo wanaoifanya kitoweo. Kondoa wana desturi ya kumtega kwelea kwa nyavu na kumla, na huyo hana sumu. Sioni kwa nini tusijifunze kwao pale kundi linapokuwa dogo.

Tumbusi wanastahili tahadhari zaidi. Mwaka 2015 aina kadhaa za tumbusi wa Afrika, akiwemo mgongo-mweupe, ziliwekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na sumu ni mojawapo ya sababu kuu.

Ndege aliyepona asiachiwe karibu na eneo lililonyunyiziwa, wala kabla hajaonekana akiruka vizuri na kula mwenyewe. Asiyeweza tena kuruka, uamuzi wa kumpumzisha ni wa daktari, na mzoga wake uzikwe kwa kina, mbali na kisima, fisi asije akaufukua.