Wakimbiaji Wetu Walipotelea Wapi?

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Sikonge



Niliombwa nizungumze juu ya michezo na maendeleo ya taifa. Somo hilo ni pana, na chakula kinatungoja. Kwa hiyo nitazungumza juu ya timu moja tu, yaani timu yetu ya taifa ya riadha, kisha nitasema neno juu ya ajenda ya nne ya mkutano wetu wa leo.

Wanafunzi mnaonisikiliza hamkuiona timu hiyo katika enzi yake, na hata mimi niliikuta enzi hiyo ikielekea ukingoni. Ni haki yenu kuelezwa. Mwaka 1973, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Lagos, Filbert Bayi alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1,500. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alikimbia mbio hizo kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia iliyokuwa imedumu tangu 1967. Hakujificha nyuma ya wenzake akingoja mzunguko wa mwisho. Aliongoza tangu bastola ilipolia hadi kwenye utepe. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, Jamaica, akavunja na rekodi ya maili moja.

Wala hakuwa peke yake. Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978, na mwaka 1982 huko Brisbane akashinda mita 10,000. Katika michezo hiyo hiyo ya Brisbane, Juma Ikangaa alikuwa wa pili katika marathoni. Huko Moscow mwaka 1980 tulipata medali mbili za fedha za Olimpiki: Bayi katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Nyambui alipitwa na Miruts Yifter wa Ethiopia kwa muda usiofikia sekunde moja. Ikangaa akawa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na mwaka 1989 akashinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Hiyo ndiyo maana ya timu: mmoja akichoka, mwingine yupo.

Sasa tuangalie baadaye. Tangu Moscow 1980 hadi Paris 2024, Tanzania haikupata medali nyingine hata moja ya Olimpiki. Rekodi yetu ya taifa ya mita 1,500 imebaki ile ile ya Bayi ya 1974. Ndugu zangu, rekodi ya dunia inapovunjwa na wageni si aibu. Lakini rekodi ya nyumbani ikikaa zaidi ya miaka 50 bila mtoto wa nyumbani kuigusa, lazima tujiulize kulikoni.

Wapo wanaosema tulijimaliza wenyewe mwaka 1976. Mwaka huo timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand haikuzuiwa kushiriki Olimpiki ya Montreal. Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika zikasusia. Bayi hakukimbia, na medali ya dhahabu ya mita 1,500 ikachukuliwa na John Walker wa New Zealand, yule yule aliyeshindwa Christchurch. Hasara ilikuwa kubwa kwa mwanariadha wetu. Lakini sikubali kwamba hapo ndipo timu ilipokufa, kwa sababu miaka minne baadaye tulirudi na medali mbili. Timu haifi kwa kukosa safari moja. Timu hufa inapokosa warithi.

Wengine husema vijana wa siku hizi hawana miguu ya wazee wao. Sisi watu wa Unyamwezi tunapenda sana hoja hii ya miguu. Mababu zetu walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi kutoka Tabora hadi Bagamoyo, safari ya miezi mitatu, na sifa yao ilienea pwani na bara. Ni kweli. Lakini msafara haukufika pwani kwa miguu peke yake. Ulikuwa na kirangozi aliyeijua njia, posho iliyopimwa, na vituo vya kulala vilivyojulikana. Kijana hakuanza safari peke yake, bali alifuatana na wakubwa akajifunza kazi njiani. Uondoe utaratibu huo, na yule mwenye miguu mizuri kuliko wote asingefika hata Singida.

Utaratibu wa namna hiyo ndio uliokuwa nyuma ya wanariadha wetu. Bayi na Ikangaa walikuwa askari wa Jeshi la Wananchi. Nyambui na Shahanga walipata masomo na mazoezi katika chuo kikuu huko El Paso, Texas. Mashirika ya umma yalikuwa na timu za michezo, na kijana mwenye kipaji aliweza kupata ajira humo. Chini ya yote hayo zilikuwapo shule na mashindano yake ya UMISSETA.

Miaka ya 1990 mashirika mengi yaliuzwa au yakafungwa, na timu zake zikatoweka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule nayo yakasimamishwa, yakaja kurudishwa baadaye. Miaka michache huonekana midogo katika faili la ofisi. Kwa mtoto wa miaka 15 ndiyo miaka yote aliyo nayo ya kugundua kwamba anaweza kukimbia.

Majirani zetu wa Kenya hawakuwa na miguu ya aina nyingine. Keino alishindwa na Bayi, na Ben Jipcho naye alishindwa pale Christchurch. Lakini mwaka 1976 mwalimu mmoja kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, alifika katika shule ya sekondari ya St. Patrick's, Iten. Akabaki hapo miaka na miaka akifundisha mbio. Mwanafunzi wa shule hiyo, Peter Rono, alishinda mita 1,500 za Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Ilikuwa shule ya sekondari tu kama hii yetu.

Nisiwavunje moyo. Mwaka 2005 Fabian Joseph alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni. Mwaka 2006 Samson Ramadhani alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne. Na mwezi Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu, askari na mzaliwa wa mkoa jirani wa Singida, alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni. Yeye na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ndiyo iliyoamua. Tulishangilia nchi nzima, na ilistahili. Lakini mtu mmoja si timu. Swali la kumuuliza bingwa ni moja: nani yuko nyuma yako?

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye ajenda ya nne. Tumependekezewa kwamba michango yetu ya mwaka huu ijenge lango jipya la shule, lenye minara miwili na majina ya wachangiaji. Naheshimu nia ya walioleta pendekezo hilo. Lakini uwanja wetu wa michezo, wote mmeuona asubuhi hii: nusu ni majani, na nusu imelimwa mahindi. Naomba tuamue kwanza mambo manne. Uwanja usafishwe na njia ya mita 400 ipimwe vizuri na kuchorwa kwa chokaa. Zinunuliwe saa za kupimia. Kiwepo kitabu cha rekodi za shule, kila matokeo yaandikwe na tarehe yake. Na mwalimu wa michezo apewe nauli ya kuwapeleka wanafunzi kwenye mashindano kila mwaka, bila kuomba omba.

Hakuna hata moja kati ya hayo litakaloonekana kutoka barabarani, na majina yetu hayatasomwa na wapita njia. Lango litatupendeza sisi tunaokuja mara moja kwa mwaka. Uwanja utawafaa hawa waliokaa mbele yangu, ambao wako hapa leo na kesho.

Nanyi wanafunzi, uwanja ukiwa tayari, msituachie majani yarudi.