Mlango Hufungwa Mwisho

(Hotuba aliyoitoa mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze niliyojifunza ng'ambo. Hapana shaka mnatazamia habari za mabwawa na mabomba, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Leo nitasema juu ya kuandika.

Mwaka 2003 nilikwenda China, mji wa Nanjing, kusomea uhandisi wa maji. Mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa lugha, na asiyefaulu hakuendelea. Mimi nilikuwa hodari wa kuchora. Nikiona herufi ya Kichina naiiga ikafanana kabisa, nikianzia popote kalamu ilipoangukia. Siku moja mwalimu wetu, mama mpole sana, alisimama nyuma yangu akatazama mkono wangu, si daftari. Akasema, "Umechora vizuri. Sasa andika."

Nilikasirika. Kama herufi imefanana, yamhusu nini nimeanzia wapi?

Kanuni zenyewe si nyingi. Mstari wa juu hutangulia wa chini, wa kushoto hutangulia wa kulia, na mistari ikikatana, wa kulala hutangulia wa kusimama. Herufi yenye ua, kama guo, yaani nchi, hujengwa ua pande tatu, vikaingizwa vya ndani, ndipo mstari wa chini ukafunga. Mwalimu alituambia: watu waingie kwanza, mlango ufungwe mwisho. Mimi nilikuwa nikimaliza ua mzima, kisha nawarusha watu juu ya ukuta!

Aibu ilinipata kwenye kamusi, ambamo herufi hutafutwa kwa kuhesabu mistari. Herufi kou, yaani kinywa, ni mraba mtupu. Nilihesabu mistari minne. Kumbe ni mitatu, kwani upande wa juu na wa kulia huandikwa kwa mkupuo mmoja, kalamu isiinuke. Na mraba huo umo ndani ya herufi nyingi mno, basi kila mara nilipekua kurasa zisizo zangu. Katika imla ya muhula wa kwanza nilipata alama 31 kwa 100, nikaonywa kwamba nikishindwa tena nitarudishwa nyumbani. Nikamkumbuka mama yangu, aliyekwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe atarudi mhandisi.

Nikaanza upya kwenye daftari la miraba, kila herufi mara 20, vidole vikiuma kwa baridi. Baada ya miezi, mkono ukawa unakumbuka kabla ya kichwa. Nikafaulu.

Mwaka 2014 nilikuwa kwenye mtambo wa pampu huku nyumbani. Fundi Mchina aliyeufunga alikuwa amekwisha ondoka, akatuachia kikaratasi cha maagizo alichokiandika mbiombio, mistari imeungana. Neno moja juu ya koki ya bomba la pembeni lilikuwa ama kai, fungua, ama guan, funga. Tukikosea, bomba lingeweza kupasuka, na vijana wetu wawili walikuwa wamesimama kando yake. Nikafuatisha wino kwa kidole tangu ulipoanzia. Kai huanza na mstari wa kulala. Huu ulianza na nukta mbili juu, ndipo ukalala. Guan. Tukafunga, na mtambo ukaenda salama.

Hapo ndipo nilipopata jibu la hasira yangu ya Nanjing. Atakayekusoma atapita njia ile ile uliyopita wewe. Fundi yule aliandika kwa haraka, lakini hakuacha njia, ndiyo maana mgeni aliweza kumfuata hali yeye hayupo.

Wenzangu mtakumbuka kwamba mwalimu wetu wa Hesabu hapa alikuwa akitukata alama kwa jibu sahihi lisiloonyesha njia. Tulimwita mchoyo. Leo, mbele yenu, namwomba radhi. Kila wiki hupokea majalada yenye uamuzi mwishoni bila hatua zilizouleta, na aliyeamua amekwisha hamishwa. Hapo hatuna la kufanya ila kuanza upya.

Wadogo zangu, jibu litawapatia alama. Njia itamsaidia mtu msiyemjua, siku ambayo ninyi hampo.