Gari likilia mbele, tulisikilize

Wandugu, mama na baba, tangu turudi, Hiace yetu ya zamani ndiyo inabeba wagonjwa. Sasa iko inalia mbele. Tusimwage oili: inaharibu mipira. Tuzime moteri, mmoja abonyeze mbele ya gari, mwingine asikilize karibu na gurudumu. Tumwagie maji mipira ya mikono. Sauti ikikatika kidogo, mpira umekauka ao umelika: tubadilishe. Sauti ikibaki, fundi ainue gari, aliegemeze vizuri, atikise gurudumu, atazame rotuli, kile kichwa cha mviringo kinachoshika gurudumu. Rotuli ikicheza, gari lisitoke. Ikichomoka njiani, gurudumu linalala, na ndani mna watu wetu. Pesa ya chama ianzie hapo, rangi itangoja.