Waliopotea au Waliopotezwa? Lugha na Kumbukumbu katika Jumba la ESMA



Nawaomba leo tuizingatie nyumba moja iliyo mbali nasi, kwa kuwa imebeba swali linalotuhusu wanaisimu: serikali inapowaua raia wake kwa siri, lugha iwaiteje wafu wasio na makaburi?

Nyumba hiyo iko Buenos Aires, Argentina, katika chuo cha zamani cha mafundi wa jeshi la wanamaji, kijulikanacho kwa kifupi kama ESMA. Baada ya mapinduzi ya tarehe 24 Machi 1976, jengo la makazi ya maofisa liligeuzwa gereza la siri. Watu wapatao 5,000 walipitishwa humo kabla ya utawala wa kijeshi kukoma mwaka 1983, na wengi wao hawakuonekana tena. Maofisa waliendelea kulala katika ghorofa za kati. Wafungwa, wakiwa wamefunikwa vichwa na kutiwa pingu, walilazwa darini. Mateso yalifanyika chini, katika chumba cha ardhini. Wanawake wajawazito walijifungulia humo, na watoto wao wakachukuliwa.

Watesi hao walikuwa na msamiati wao. Mfungwa aliyeteuliwa kuuawa alisemekana kuwa "anahamishwa". Alidungwa sindano ya usingizi, akapakiwa ndegeni, akatupwa baharini angali hai. Hii ni tasifida, lakini si ile tunayoifundisha darasani, inayostiri aibu. Hii ilistiri jinai.

Jengo lenyewe nalo lilifanywa liseme uongo. Mwaka 1979, Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilipokaribia kuzuru, ngazi zilibadilishwa na lifti ikaondolewa, ili ushahidi wa manusura uonekane wa kubuni. Mwaka 1998 Rais Carlos Menem aliamuru majengo yabomolewe na mahali pake pawe bustani ya maridhiano. Jamaa za wahanga walikwenda mahakamani na kuizuia amri hiyo, kwani kuta zilikuwa shahidi. Kwa sababu hiyo, makumbusho yaliyofunguliwa humo mwaka 2015 hayakuzipaka rangi kuta hizo wala kuzigongomea kitu. Mabango husimama mbali nazo. Mwaka 2017 mahakama iliwahukumu watuhumiwa 29 kifungo cha maisha, na mwaka 2023 UNESCO ililiingiza jumba hilo katika orodha ya urithi wa dunia.

Sasa tuirejee lugha. Waargentina waliwaita wahanga kwa neno lenye maana ya "waliotoweka". Kwa kawaida kitenzi hicho cha Kihispania hakichukui yambwa: mtu hutoweka mwenyewe. Lakini watu walianza kukitumia kinyume cha sarufi ya shuleni, wakisema kwamba jeshi "limemtoweka" fulani. Walivunja kanuni ili wapate nafasi ya kumtaja mtenda.

Kiswahili hakihitaji kuvunja kanuni. Tunasema potea, poteza, potezwa. Aliyepotea huenda alikosa njia. Aliyepotezwa ana aliyempoteza. Hata hivyo, tusijisifu mapema. Kauli ya kutendwa hudokeza mtenda bila kulazimisha atajwe. "Alipotezwa" ni sentensi kamili kisarufi. Kihaki bado ina pengo baada ya kiunganishi "na". Kazi ya mahakama na makumbusho ni kulijaza pengo hilo.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1974 Idi Amin aliunda tume ya kuchunguza kutoweka kwa watu nchini Uganda tangu tarehe 25 Januari 1971, siku aliyotwaa madaraka. Chombo chake cha usalama kilichoogopwa kuliko vyote kilikuwa na jina la ofisi ya utafiti. Neno "utafiti", ambalo sisi hapa tunaliheshimu, lilibandikwa mlangoni pa chumba cha mateso.

Wanafunzi wapenzi, baadhi yenu mtakuwa watafsiri, wahariri na watunga kamusi. Kuna siku mtaletewa ushahidi wa mama anayemtafuta mwanawe, nanyi mtatakiwa kuchagua kati ya "alipotea" na "alipotezwa". Tofauti ni vinyambulishi viwili vidogo, lakini ndani yake mna swali la iwapo kosa lilitendeka. Msichague kwa haraka, na mkishachagua la pili, msichoke kuuliza: na nani?