Pikipiki Chini ya Ghorofa
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alisema nichague jambo ninalolijua kwa kulishika mwenyewe. Wenzangu waliotangulia wamesema juu ya elimu na maendeleo ya taifa. Mimi nitasema juu ya wizi wa pikipiki katika maegesho ya nyumba za ghorofa, kwa kuwa ni mwenyekiti wa kamati ya wapangaji katika jengo moja la Upanga, Dar es Salaam, na kazi hiyo imenifundisha mengi kuliko nilivyotaka.

Jengo letu lina kaya 24 na pikipiki 19. Chache ni za kwendea ofisini. Nyingi ni za bodaboda, tena za mkataba: kijana hukabidhiwa pikipiki na tajiri, hupeleka hesabu kila siku, na muda uliokubaliwa ukiisha chombo huwa chake. Ikiibwa kabla ya hapo, deni hubaki palepale. Bima iliyopo mara nyingi ni ile ndogo, ambayo hulipa madhara aliyopata mtu mwingine barabarani. Haimlipi mtu aliyeibiwa. Kijana mmoja wa ghorofa ya tatu aliibiwa zikiwa zimebaki wiki sita. Mkewe alikuwa amekwisha kununua kitambaa cha kushonea kava ya kiti. Wiki zile sita kijana alizilipa kwa kubeba mizigo sokoni Kisutu.

Iliibwaje? Wengi hudhani mwizi huvunja kufuli. Pikipiki ile ilikuwa imefungwa usukani, na kufuli ya diski ilikuwa gurudumu la mbele. Lakini pikipiki ya kawaida ya barabara zetu ina uzito wa kilo 120 hivi. Wanaume watatu waliinyanyua kama kitanda, wakaipakia kwenye kirikuu, wakaifunika turubai, wakaondoka na kufuli zake zote zikiwa nzima. Mlinzi ndiye aliyewafungulia geti. Alidhani kuna mpangaji anahama. Walimsalimu vizuri, naye akaitikia. (Adabu ya mwizi, ndugu zangu, mara nyingi hushinda ya mpangaji anayedaiwa kodi.)

Kufuli peke yake, basi, haitoshi. Hapana budi chombo kifungwe kwenye kitu kisichobebeka. Tulichimba mashimo sakafuni, tukasimika vitanzi vya nondo ya milimita 16 na kuvimiminia zege. Atakayefanya hivyo asiguse nguzo za jengo kwa tindo. Nguzo si mali ya pikipiki. Pasipo nafasi ya kuchimba, fungeni pikipiki mbili pamoja, fremu kwa fremu. Kubeba kilo 240 zilizoshikana ni kazi nyingine kabisa.

Mnyororo nao una elimu yake. Mpitisheni kwenye fremu, au kwenye gurudumu la nyuma pamoja na fremu, kwa maana gurudumu la mbele hufunguliwa kwa spana dakika chache tu. Kisha usilale chini. Mnyororo ukigusa sakafu, mwizi huweka mpini mmoja wa mkasi wa kukatia chuma sakafuni, akaukandamiza mpini wa juu kwa uzito wa mwili wake wote. Ukiwa umekazwa juu, hana budi kutumia nguvu za mikono tu. Mnyororo mwembamba unaouzwa kwa wenye baiskeli hukatika kama muwa. Wa chuma kigumu, milimita 16, huushinda mkasi wa mkono. Hauishindi grenda, lakini grenda hupiga kelele na kurusha cheche, na chini ya ghorofa kelele hiyo huamsha watu hadi juu.

Vifaa vya kufuatilia chombo kwa setilaiti ni vyema barabarani. Chini ya zege mawasiliano hufifia, kwa hiyo msivitegemee peke yake. Kamera husaidia kujua nani alikuja jana.

Jambo lililotupa tabu zaidi lilikuwa geti. Mlinzi hulipwa kidogo, na akimzuia mtu mwenye cheo hutukanwa. Kwa hiyo hujifunza kutomzuia mtu yeyote. Sisi wapangaji nasi, tukiona uso mpya chini pale, kila mmoja hudhani ni mgeni wa jirani. Tukatengeneza vipande vya bati vyenye namba, viwiliviwili: kimoja hubaki kwa mlinzi pikipiki inapoingia, cha pili huchukua mwenyewe. Pasipo kipande, pikipiki haitoki, iwe inaendeshwa, inasukumwa au imepakiwa. Wiki ya kwanza mzee mmoja wa ghorofa ya juu alizuiwa, akafoka, “Niulizwe kwangu?” Kamati ilisimama na mlinzi. Mzee hakunisalimu kwa miezi miwili, na nilivumilia. Nanyi mliosoma hapa mnajua: geti la shule hii halikuuliza wewe ni mtoto wa nani, liliuliza karatasi ya ruksa iko wapi.

Tangu tuanze mwaka 2021 hatujapoteza pikipiki. Asubuhi moja tulikuta mnyororo una alama za meno ya mkasi, basi.

Vijana, mkipata chombo, andikeni namba ya fremu, iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, na namba ya injini, mziweke nyumbani pamoja na nakala ya kadi. Mkiibiwa, nendeni polisi siku hiyohiyo na namba hizo mkafungue jalada mpate RB, maana pikipiki huweza kuchinjwa ikawa vipuri kabla ya jua kuchwa.

Katibu ananionyesha saa. Nimekuja na kipande kimoja cha bati na kitanzi cha nondo. Vipo mezani karibu na mlango kwa atakayetaka kuvitazama.